Kisome tena

Kitabu ulichokisoma shuleni, bado hujakisoma.

Wakati ule ulikuwa unajiandaa na mtihani: wahusika, dhamira, tamathali za semi, basi. Ukirudi leo kwenye Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, utamkuta mshtakiwa Karama yuleyule kizimbani, ila safari hii anayemsikiliza ni mtu mzima aliyewahi kukaa kikaoni, akajua la kusema, akanyamaza. Maandishi hayajabadilika hata nukta. Hapo ndipo nakala ya karatasi inapozishinda nyingine zote, hata kama jalada limeshikiliwa na selotepu na kurasa zimekuwa rangi ya chai: mstari wako wa penseli bado upo, umepigwa chini ya sentensi ambayo leo usingeijali, na ile inayofuata, yenye uzito wote, uliiruka. (Mwalimu naye aliiruka, tusikulaumu peke yako.) Anza na kimoja tu, tena kile ulichokichukia kuliko vyote kwa sababu ulilazimishwa kukisoma.