Je, Kila Utii Wampendeza Mungu?



Utii ni neno jema katika Kanisa. Tangu utoto twafundishwa kuwatii baba na mama, na kuwasikiliza wale waliowekwa kutuchunga. Tena twajua ya kuwa Bwana wetu mwenyewe alimtii Baba yake hata kufa. Walakini mambo yaliyotokea katika nchi zetu yatulazimisha kuuliza: Je, kila utii wampendeza Mungu?

Tukumbuke habari za Kanungu, upande wa kusini-magharibi wa Uganda. Hapo palikuwa na chama kilichosema kwamba kazi yake ni kuzirejesha Amri Kumi za Mungu. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde, na Dominic Kataribabo aliyekuwa padre mwenye elimu kubwa. Hao hawakuanza kwa kuwafundisha watu uovu. Waliwaambia wazishike amri, na ni nani awezaye kulikataa neno hilo? Kisha watu wakauza mali zao na kuwakabidhi viongozi fedha. Wakafunga. Waume na wake wakatengwa. Tena wakazuiwa kusemezana, wakawa wakionyeshana kwa ishara za mikono, ili mtu asije akaivunja kwa ulimi amri ya kutomshuhudia jirani uongo.

Wakaambiwa ya kuwa ulimwengu utakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ile ikapita, na jua likachomoza kama desturi yake. Ndipo wengine walipoanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 waliokusanyika katika nyumba ya sala wakateketea kwa moto, na watoto pamoja nao. Baadaye makaburi mengine yakafukuliwa huko na huko. Waliokufa walikuwa mamia. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hesabu yake ilipita 400, na wengi wao walikuwa wamekufa kwa njaa.

Wako wasemao, Watu wale walikuwa wajinga. Neno hili si la haki, tena ni la hatari, maana latufanya tujione salama. Wengi wao walikuwa wamebatizwa na kuzoea kusali. Mwaka 1951 mtaalamu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alitangaza habari za jaribio alilofanya kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Aliwaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akawauliza upi unalingana na ule wa kwanza. Mtoto mdogo angaliweza kujibu. Lakini wote waliokaa pale, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepatana kwa siri kujibu uongo. Yule mmoja aliona ukweli kwa macho yake, akasikia wenzake wote wakisema vingine. Katika majibu ya namna hiyo, kama theluthi moja yalifuata uongo wa wengi. Nao hawakutishwa na mtu, wala hawakuahidiwa mbingu. Walikuwa wasomi, na waliulizwa habari za mistari tu.

Wazee wetu walisema, Penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli, kama hao wengi wana ruhusa ya kusema. Maana Asch aliona neno la pili: alipokuwapo mtu mmoja tu wa kusema kweli, nguvu ya wengi ilipungua sana. Sauti moja ilitosha kumtia mwenzake moyo.

Basi, twafahamu jinsi kimya cha Kanungu kilivyowafaa viongozi wake. Mwenye shaka hakuweza kujua kwamba jirani yake naye ana shaka. Kati ya mamia ya watu, kila mmoja alikuwa peke yake. Mpotoshaji hana haja ya kuwasadikisha watu wote. Yamtosha kila mtu adhani kwamba wenziwe wamesadiki.

Labda mwalimu mmoja ataniuliza: Je, Kanisa nalo halitaki utii? Ndiyo, lataka. Lakini utii wetu una mpaka. Mitume waliotufundisha kuwaheshimu wakubwa ndio waliokataa kunyamaza walipoamriwa wasilihubiri jina la Yesu. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuwa waliyapima katika Maandiko hata maneno ya Paulo. Mwaka 1521, mbele ya Kaisari huko Worms, Luther alitaka aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko. Tena mwaka 1529 alipoandika Katekisimo Ndogo, aliweka baada ya kila amri swali la kuuliza maana yake. Yeye aliyetaka watoto wazishike amri aliwapa kwanza ruhusa ya kuuliza. Swali hili tumelikariri sote, je, twalitumia?

Najua ya kuwa maswali yaweza kuleta ugomvi, na kumchosha mchungaji. Lakini usharika wenye ugomvi waweza kupatanishwa; usharika ulionyamazishwa hauna wa kuuonya. Kwa hiyo, ninyi walimu na wazee wa kanisa, mtu akiuliza fedha za sadaka zimetumikaje, msimwite mwasi. Kijana akisema hakulifahamu fundisho, msimwaibishe mbele ya wenzake. Nanyi wakristo, akija mhubiri awakatazaye kuwasikiliza jamaa zenu, kwenda hospitali, au kumwuliza neno, msingoje mpaka ataje siku ya mwisho wa ulimwengu. Ulizeni siku ile ile, tena kwa sauti, ili na jirani yako asikie kwamba hayuko peke yake.

Mchungaji Mwema hawaogopi kondoo wake wanapouliza. Tomaso alitaka kuona alama za misumari, naye Bwana hakumfukuza, bali alimwonyesha mikono yake. Tumtii huyo.