Haki ya Usiku

Mtu akishazijua siri za kiumbe kingine, akajua anakolala, anakopita na saa anayopita, je, ujuzi huo unampa haki gani juu yake? Swali hili nimelibeba kwa miaka mingi. Naliweka mbele ya msomaji kwa sababu naamini kila mtu, katika shughuli zake, ana lake linalofanana nalo.

Mimi nimelikuta katika uwindaji. Ninaishi kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, penye vilima na misitu ya mialoni, na kila mwaka majani yanapoanza kupukutika huchukua upinde wangu kwenda kumtafuta kulungu wa mkia mweupe. Namwita kulungu kwa kukosa jina lililo bora, ingawa si yule wa vichaka vya Afrika Mashariki. Dume wa huku huota pembe zenye matawi, nazo hudondoka kila mwaka na kuota upya.

Dume mchanga, wa mwaka mmoja na nusu, si kazi kumpata. Hutoka kula kungali na mwanga na hupita mahali bila kuwaza. Lakini dume aliyetimiza miaka mitano ni kiumbe kingine kabisa. Amekwisha kusikia milio ya bunduki na kunusa harufu ya watu misimu kadhaa, naye amejifunza jambo moja kubwa: binadamu ni wa mchana. Basi hushinda amelala ndani ya kichaka kinene, aghalabu karibu na ukingo wa kilima, upepo ukimletea habari za nyuma yake na macho yakilinda bonde la mbele. Jua likizama hunyanyuka, huzungukazunguka papo hapo, na hufika kwenye mahindi giza limekwisha kutanda. Kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi.

Kumsoma mnyama wa namna hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Mwezi wa Februari, msimu ukiwa umefungwa na miti iko uchi, hutembea nikitafuta malalo yake, magome aliyoyasugua kwa pembe, na mahali alipoparua ardhi kwa kwato akaacha mkojo wake. Huangalia alama hizo zimeelekea wapi, maana hueleza kama alikuwa akienda kula au akirudi kulala. Kisha hujifunza upepo. Jioni hewa hupoa na kuteremka bondeni, ikichukua harufu yangu kumpelekea; asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Dungu langu hulifunga juu ya mti, si kando ya shamba, ambako atafika usiku, bali karibu na malalo, ili nafasi yangu iwe katika zile dakika chache za mwanga anazojiruhusu. Na upepo ukiwa mbaya, hubaki nyumbani. Ukimshtua mara mbili tatu, atahama au atazidi kuwa wa usiku.

Sasa sheria. Huku mtu anaruhusiwa kuwinda kulungu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na kwa mwaka mzima haruhusiwi zaidi ya dume mmoja mwenye pembe. Jioni moja ya Novemba, majira ambayo madume huwafuata majike na kusahau hadhari zao, dume niliyekuwa nimemsoma kwa misimu miwili alisimama hatua ishirini kutoka mti wangu. Ile nusu saa ilikuwa imepita kwa dakika tano. Nilimwona vizuri, na hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikashusha upinde, nikakaa kimya mpaka alipoondoka.

Jirani yangu aliposikia alicheka. “Kulungu hajui saa,” aliniambia. Ni kweli, hajui. Akaongeza kwamba mbwamwitu hamngojei mtu awashe taa, na magari huua kulungu usiku kila siku. Hayo nayo ni kweli.

Nilimjibu kwa sababu za kawaida: gizani huoni vema unachokilenga wala kilicho nyuma yake, na ukimjeruhi mnyama utaipoteza damu yake majanini. Ni sababu njema, lakini zina udhaifu. Siku hizi kuna darubini zinazoona joto la mwili usiku wa manane, na kamera za kufunga mitini zinazompelekea mtu picha kwenye simu akiwa kitandani. Jimbo la Arizona lilizipiga marufuku katika uwindaji mwaka 2022. Mahali pengi zinaruhusiwa. Ikiwa giza ni haramu kwa kuwa tu hatuoni, basi siku tutakapoona haramu hiyo itakuwa imekwisha.

Aliyenifikisha kwenye kiini ni mke wangu, ambaye hawindi. Aliniuliza, “Baba watoto, kama unachotaka ni nyama, si umpige jike wa kwanza anayepita?” Swali hilo halina mlango wa kutokea. Ni kweli kwamba kulungu wakizidi hula miche yote msituni, na wawindaji husaidia kuwapunguza. Lakini kinachowapunguza ni kuwinda majike. Dume mzee akifa, mwingine hupanda majike wale wale, na idadi haibadiliki. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya nyama wala nyuma ya msitu. Nyama ya nyumbani kwetu hutokana na jike. Dume mzee namtafuta kwa kuwa yeye ndiye anayenishinda.

Je, hiyo ni sababu ya kutosha kuutoa uhai? Nimelipima sana, na jibu langu ni hili: inatosha iwapo tu anaweza kunishinda kweli kweli. Kwa asili kulungu hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Ni sisi tuliomsukuma ndani ya giza. Usiku ni kimbilio alilolipata kwa akili yake mwenyewe. Nikimfuata hata huko kwa chombo, kilichobaki si mashindano tena, ni kuchukua pembe tu. Mbwamwitu hana lawama, kwa sababu hana uwezo wa kuacha. Mimi ninao.

Yule dume sikumpata. Mwezi wa Desemba alipita mbele ya kamera niliyoifunga mtini, saa 8 usiku, ametulia kama mwenye nyumba.

Msomaji asiyewinda asidhani haya hayamhusu. Mkopeshaji anajua siku ambayo mjane atakuwa hana njia. Mwajiri anajua ni nani hawezi kuacha kazi. Wahenga walituachia kwamba mwenye nguvu mpishe, lakini mwenye nguvu naye ana wajibu wake: asizibe kila njia anayoijua. Ujuzi hutuonyesha mahali tunapoweza kufika. Kuamua tutasimama wapi ni juu yetu, na uamuzi huo hupimwa saa ambayo hakuna anayetutazama.