Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii tunaisikia zaidi wakati wa chakula. Mgeni akibisha hodi, jogoo anachinjwa, wali unapikwa, na watoto walioshinda wiki nzima na ugali na mchicha wanajilamba vidole. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema mama huku akipakua. Ni kweli, lakini ni sehemu ndogo tu ya ukweli wake. Mwenyeji anaweza kuwa na maradhi yasiyoponywa na kitoweo, na sijaona mfano unaolionyesha hilo vizuri kuliko urafiki wa nyota wa filamu za kung fu, Bruce Lee, na mwanafunzi wake, Taky Kimura.

Bruce Lee wengi wetu tulimjua kwenye mabanda ya video, tukatoka tunarusha mateke njia nzima. Kimura hatukumjua. Alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la Washington, Marekani, kwa wazazi waliotoka Japani. Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, serikali ya Marekani iliwakusanya watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, ikawafungia kambini. Kimura, kijana wa sekondari, akaishia kambi ya Tule Lake, California. Vita vilipokwisha alitoka akakuta milango ya kazi imefungwa kwa sababu ya sura yake. Dharau ikirudiwa sana humwingia mtu. Kimura mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyofika mahali pa kuamini kwamba yeye ni duni. Alikuwa na uraia, na familia yake ilikuwa na duka la vyakula mjini Seattle, lakini aliishi kama mtu aliyeazimwa pa kusimama. Huyo ndiye mwenyeji wetu.

Mgeni, Bruce Lee, alifika mwaka 1959: kijana wa miaka 18 aliyelelewa Hong Kong, akilala na kufanya kazi kwenye mgahawa wa Kichina hapo Seattle. Kwao alikuwa amefundishwa mtindo wa kung fu uitwao Wing Chun na mwalimu Ip Man, na haukupita muda akaanza kuwafundisha vijana wa mjini. Hakubagua. Mwanafunzi wake wa kwanza, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi.

Methali inaanza na "njoo", na hapo ndipo pana mtihani wake. Kimura alipojiunga na vijana hao alikuwa ameshavuka miaka 30. Mwalimu wake angeweza kuwa kitinda mimba wa nyumba yao. Sisi tuliolelewa kuamkia wakubwa tunajua ilivyo vigumu mtu mzima kusimama mbele ya kijana na kusema, nifundishe. Asiyeweza kulitamka neno hilo hufunga mlango, na dawa ikabaki nje.

Katika Wing Chun kuna zoezi linaloitwa chi sao. Wawili wanakabiliana, mikono imegusana karibu na vifundo, inazunguka taratibu bila kuachana. Ukikaza misuli, mwenzako anaitumia nguvu yako kukuangusha. Ukilegea kabisa, anapita na kukupiga kifuani. Waliobobea hulifanya wakiwa wamefumba macho, kwa sababu habari yote ya mwenzako inapita kwenye ngozi. Mtu aliyezoea kukwepwa huwezi kumfundisha zoezi hilo ukiwa mbali naye. Na Lee alimwambia waziwazi kwamba hapungukiwi na kitu mbele ya binadamu yeyote.

Lee alipomwoa Linda Emery, tarehe 17 Agosti 1964, mpambe wake alikuwa Kimura. Alipohamia Oakland, shule ya Seattle alimwachia yeye. Kwa hiyo naona methali imetaja upande mmoja tu: mgeni naye alipona. Kijana aliyekuja mjini bila kaka wala mjomba wa kumsimamia alipata mtu mzima wa kumkabidhi kazi yake na kumwamini.

Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, akazikwa Seattle. Miongoni mwa waliobeba jeneza lake walikuwa waigizaji Steve McQueen na James Coburn, na Kimura pia. Baada ya hapo jina la marehemu likawa mali. Dunia nzima ilichuma kwalo. Kimura aliendelea na kundi lake dogo, akifundisha bila kutoza ada, na kwa miaka mingi alilitunza kaburi la rafiki yake. Kwangu mimi, hapo ndipo panapojulikana kama mwenyeji amepona kweli: anachokifanya mgeni akishaondoka, wakati hakuna tena anayemtazama.

Kimura alifariki Januari 2021, akiwa na miaka 96. Darasa aliloachiwa na mwalimu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 16 alilifundisha hadi uzeeni, pamoja na mwanawe.