Mahari, Ujira na Bei: Lalamiko la Raheli na Lea

Je, mahari ni bei? Swali hili huelekezwa mara nyingi kwa mila za Kiafrika, lakini limo pia katika kisa cha Yakobo kitabuni Mwanzo, na humo walalamikaji ni mabinti wenyewe. Katika sura ya 31, Raheli na Lea wanamshutumu baba yao Labani kwa mambo matatu: kwamba amewahesabu kuwa wageni, amewauza, na ameila fedha iliyotokana nao.

Shutuma ya tatu ndiyo inayozifafanua mbili za kwanza. Yakobo alifika Harani mikono mitupu, akalipa kwa jasho: miaka 7 kwa ajili ya Raheli na, baada ya kupewa Lea kwa hila, miaka 7 mingine. Mifugo au fedha huweza kuwekwa akiba kwa ajili ya binti. Kazi ya mchungaji huishia katika wingi wa kondoo wa mwenye zizi. Neno la Kiebrania mohar lina asili moja na mahr ya Kiarabu, iliyozaa mahari ya Kiswahili. Baadhi ya mikataba ya ndoa ya Wayahudi wa Elefantine, nchini Misri, ya karne ya 5 K.K., huihesabu mahari pamoja na mali anayoingia nayo mke. Kwa kipimo hicho, kosa la Labani halimo katika kupokea. Limo katika kula.

Msimulizi hatoi hukumu hii waziwazi, ila msamiati wake unaidokeza. Kitabu cha Mwanzo kinalijua neno mohar, kwani linatumika katika sura ya 34, katika habari za Dina. Katika sura ya 29, hata hivyo, Labani anamwuliza mpwa wake kuhusu ujira. Mzizi wa neno hilo la ujira unarudi katika sura ya 30, Lea anapomkodi mumewe kwa usiku mmoja kwa tunguja za Reubeni, na tena katika maelezo ya jina la Isakari. Lugha ya malishoni imeingia chumbani.

Hata hivyo, walalamikaji nao wana lao la kujibu. Zilpa na Bilha, wajakazi waliotolewa na Labani, walikabidhiwa Yakobo na mabibi zao, wakamzalia wana 4 kati ya 12. Katika shauri la sura ya 31 hawaulizwi neno. Wanaolia kwamba wameuzwa wamekwisha kuwatoa wengine.

Dosari hiyo hailifuti lalamiko, inalipanua. Ikiwa mahari hugeuka bei pale mwenye kuhusika anapokosa fungu na kauli, basi kipimo alichotumia Lea dhidi ya baba yake kinamhusu Lea mwenyewe mbele ya Zilpa. Msomaji anayeikubali haki ya mabinti wa Labani hana budi kuukabili ukimya wa wajakazi wao.