SAA YA MWILI: NASAHA JUU YA NYUSIKU ZETU NA MARADHI YA SUKARI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuupindua usiku na mchana kwa hisabu isiyokosea. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, nasaha yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni katika dini, nalo ni saa tunazokula na saa tunazolala. Maradhi ya sukari yameingia katika nyumba zetu za mwambao, hata ni shida kumpata mtu asiyekuwa na mzazi, au ndugu, au jirani aliyepatwa nayo. Wako waliokatwa miguu, wako waliopofuka macho, na wako ambao mafigo yao yamekufa. Nasi tunapokwenda kuwazuru twasema, "Ni kudura ya Mungu," kisha twaondoka. Neno hilo ni kweli. Lakini mwenye kulitumia kufunga mlango wa kutafuta sababu amelitia pasipo mahali pake. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, akatujulisha kwamba hapana maradhi ila Mwenyezi Mungu ameyajaalia dawa. Na nusu ya dawa ni kuacha linalodhuru.

Sisi Waswahili hisabu ya saa zetu twaianza kwa jua: ikitimia saa nzima tangu kucha twasema ni saa moja, na likisha kuzama twaanza hisabu mpya. Jueni kwamba mwili wa binadamu nao una hisabu kama hii. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young, walipewa tuzo ya Nobel ya utabibu kwa kubainisha, kwa kuwachunguza nzi wadogo wa matunda, namna saa hii inavyokwenda ndani ya chembe za mwili. Ndani ya ubongo mna kifundo kidogo mno, chenye chembe kama 20,000, kinachopokea habari ya mwangaza kutoka machoni, nacho ndicho kinachoviongoza viungo vyengine. Ini lina saa yake, kongosho lina saa yake, na misuli ina saa yake. Na viungo hivi, pamoja na kumfuata mkubwa wao aliye ubongoni, hufuata pia wakati wa chakula. Basi mtu alapo sinia ya wali katikati ya usiku, macho yake yameuambia mwili kuwa ni usiku, na tumbo lake limeuambia kuwa ni mchana. Yatakuwaje mambo ya nyumba yenye amri mbili?

Ama habari ya sukari ni hii. Chakula cha wanga na cha tamu kikisha kusagika huwa sukari katika damu, na kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie katika viungo ikatumike. Kazi hii huenda vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku. Sahani ile ile ya wali, kwa mtu yule yule, huipandisha sukari zaidi ikiliwa usiku kuliko ikiliwa asubuhi. Na sababu mojawapo ni kwamba giza liingiapo mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, ya kuuandaa kwa usingizi, nayo hulipunguza kongosho kasi yake. Kongosho limeambiwa lipumzike, nasi ndipo tunapolitwika mzigo mkubwa wa siku nzima.

Usingizi nao una haki yake. Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Chicago: vijana wanaume 11, wazima wa afya, waliachiwa saa 4 tu za kulala kila usiku kwa muda wa nyusiku 6. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wazee. Lakini miili yao ikashindwa kuiondoa sukari katika damu kama ilivyokuwa ikiiondoa walipolala vya kutosha. Sasa na tujihisabu wenyewe. Mwenye kulala saa 7 za usiku akaamka saa 11 kwa Sala ya Alfajiri, amelala saa ngapi? Saa 4 zile zile. Na mwenye kulala saa 4 za usiku akaamka saa hiyo hiyo ya 11, amepata saa 7, nacho ndicho kima cha chini ambacho matabibu humtakia mtu mzima.

Hatusemi kwamba Kurani imeteremshwa ili kufundisha udaktari, wala hatupendi mtindo wa wale ambao kila kinapogunduliwa kitu huikimbilia aya wakaivuta kwa nguvu. Tusemalo ni jepesi zaidi. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya An-Nabaa neema yake ya kuujaalia usiku kuwa kama nguo ya kutusitiri, na usingizi kuwa mapumziko, na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Sala ya Isha na kuzungumza baada yake. Akauombea umati wake baraka katika mapambazuko yao. Na sahaba Sakhr, aliyeipokea hadithi hiyo, alikuwa mfanyi biashara, akawa akizituma bidhaa zake asubuhi mapema, mali yake ikazidi. Aliyefuata mwendo huu amefuata Sunna, na mwili wake umepata faida hata kama hakupata kulisikia jina la kongosho.

Basi tazameni mwendo wetu. Isha ikisha kusaliwa, hapo ndipo baraza zinapochangamka. Kahawa yaja, halua yaja, kaimati zaja. Na siku hizi baraza nyengine imo mkononi mwa mtu, katika simu yake, na mwangaza wake waendelea kuyaambia macho kuwa jua halijatua. Saa 4 au 5 bwana arudi nyumbani, na chakula chamngoja. Mke na watoto wamengoja naye, au wamelala na njaa. Yaliwa biriani, yanywewa soda, na baada ya hapo ni kitanda. Asubuhi apima sukari yake, aiona imepanda, kisha amlaumu mkewe kwa kutia sukari nyingi katika chai. Lau angeilaumu baraza yake angekuwa karibu zaidi na haki.

Huenda mtu akasema, "Mbona mimi nilikula mapema, na asubuhi sukari yangu ikawa juu?" Jawabu yake ni kwamba karibu na alfajiri mwili hujiandaa kuamka, na ini hutoa sukari ili kuwe na nguvu za kuanzia siku, kwa mgonjwa huenda sukari hiyo ikapanda kupita kiasi. Huyu amweleze daktari wake, wala asikate tamaa.

Huenda mwengine akasema, "Mimi ni mtu wa zamu ya usiku bandarini, au mlinzi, au muuguzi, nifanyeje?" Huyu ana udhuru, na kazi ya halali ni ibada. Lakini kwa kuwa saa ya mwili wake yasumbuliwa, hadhari yake yapasa izidi: ale chakula chake kikubwa kabla ya kuingia kazini, ajizuilie kula sana katikati ya usiku, na arudipo alale mahali penye giza na utulivu.

Ama Ramadhani, huko ndiko tulikopotea zaidi. Mwezi wa kufunga tumeugeuza kuwa mwezi wa kula usiku. Futari ya mafuta na tamu, kisha tarawehe, kisha chakula cha pili, kisha vitafunio mpaka daku. Na baada ya Alfajiri ni usingizi hadi adhuhuri. Hii siyo saumu iliyokusudiwa. Na liko baya kuliko hilo: mgonjwa wa sukari kuacha sindano yake kwa siri na kufunga kwa kuona haya, asije akaambiwa imani yake ni dhaifu. Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu ndiye aliyemruhusu mgonjwa kufungua. Je, wewe wajua haki yake kuliko Yeye? Mgonjwa na aende kwa daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, aulizwe na apimwe. Akikubaliwa kufunga, aicheleweshe daku na aiharakishe futari, kama ilivyo Sunna, na apime sukari yake mchana, kwani kujidunga kidole kwa kupima hakuharibu saumu. Ikishuka chini ya 3.9, au ikapanda kupita 16.7, kwa kipimo kitumiwacho katika hospitali zetu, na afungue papo hapo. Kujitia katika maangamizi kumekatazwa, na mwenye kufa kwa ukaidi hana la kujivunia.

Basi twausia haya. Mlo mkubwa uwe asubuhi au mchana, na wa usiku uwe mdogo: samaki, mboga, kunde, na wali kidogo. Chakula hicho kiliwe mara baada ya Magharibi. Kisha mtu aende msikitini kwa miguu kusali Isha, kwani kutembea baada ya kula huifanya misuli iitumie sukari, na hatua hizo zina thawabu. Akirudi, baraza iwe fupi na simu iwekwe mbali, naye awe kitandani si zaidi ya saa 4. Sisi wa mwambao tumekaribia ikweta, na nyakati zetu za sala hazipishani hata kwa saa nzima katika mwaka. Mwenyezi Mungu ametupa ratiba iliyo karibu moja mwaka mzima, basi tusiikatae.

Lakini fahamuni vizuri: kupanga nyakati si badala ya dawa, wala si ruhusa ya kula bila ya kiasi. Na anayetumia vidonge au sindano asibadili saa za kula kabla ya kushauriana na daktari wake. Kwani akila kidogo na dawa ikabaki vile vile, sukari huweza kushuka kwa ghafula, akatetemeka, akatoka jasho, akapotewa na fahamu.

Na nyinyi wenye arusi na khitima, msimshikilie mgonjwa wa sukari ale halua kwa kuwa "ni ya heshima." Heshima ya mgeni ni kumrudisha kwao mzima.

Mwili ni amana, na Mtume (s.a.w.) alimfahamisha Abdallah bin Amri, alipozidisha kufunga na kukesha hata kwa ibada, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa aliyekesha kwa sala aliambiwa hivyo, ataambiwaje anayekesha kwa soda na porojo?

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuwezeshe kuyatenda tuyajuayo. Wabillahi tawfiki.