Usinunue Shida ya Jirani Yako

Masomo: Mithali 20:14, Walawi 25:14-17, Mwanzo 23

Jumapili iliyopita niliuliza ni wangapi kanisani wanatafuta ploti mwaka huu, na karibu nusu yenu mkainua mikono. Sikushangaa. Tunaabudu hapa Westlands katikati ya maghorofa, lakini wengi wetu tumepanga Kangemi, Uthiru na Kawangware, na ile nyumba tunayoiombea iko Joska, Kitengela, Juja ama Ngong. Kwa hivyo wacha tuongee kuhusu kupatana bei. Si dhambi kupatana. Lakini kuna kupatana ambako Mungu hapendezwi nako, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka minne iliyopita, mimi na mke wangu tulipata ploti ya 50 kwa 100 upande wa Kimuka, mbele ya Ngong. Mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu, alitaka 1,300,000. Majirani walituambia za hapo zinaenda kama 1,200,000. Kisha broka akanivuta kando: "Pasta, huyu mzee ana mgonjwa hospitalini. Anataka pesa kabla ya Ijumaa. Wewe tulia tu."

Nami nikatulia. Nilisomea biashara chuo kikuu, na tulifundishwa kwamba anayebanwa na wakati ndiye hulegeza bei. Nikamwambia mzee ati ploti ina mteremko, barabara haipitiki mvua ikinyesha, maji yako mbali, na hata sijui kama naitaka. Wakati huo nilikuwa nimeshachora nyumba kwa karatasi. Alhamisi akapiga simu, sauti iko chini: "Sawa kijana wangu, leta hiyo 950,000."

Wiki iliyofuata nilisimama kwenye ushirika wa nyumbani nikashuhudia jinsi Bwana alivyonipa kibali. Watu wakapiga makofi. Tukirudi, ndani ya matatu, mke wangu akaniuliza: "Baba watoto, hicho ni kibali cha Mungu, ama ni shida ya mzee?"

Sikuwa na jibu.

Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayekosoa kitu mbele ya muuzaji, halafu akishaenda zake anajigamba alivyokipata. Nilikuwa nikiisoma nikicheka. Sikujua siku moja mtu huyo atakuwa mimi, tena nikijigamba kwa jina la Yesu.

Sasa fungua Walawi 25. Mungu anawaambia Israeli wakiuziana ardhi wasidhulumiane, kisha anawapa kipimo: bei ihesabiwe kwa miaka ya mavuno iliyobaki hadi Yubile. Miaka ikiwa mingi, bei inapanda. Ikiwa michache, inashuka. Bei inafuata thamani ya shamba. Haifuati machozi ya muuzaji. Na ukisoma mbele kidogo, mstari wa 25, utaona anayeuza ni ndugu aliyeishiwa. Mungu alijua mapema kwamba wengi huuza ardhi wakiwa wamebanwa.

Ibrahimu naye alinunua akiwa amebanwa. Katika Mwanzo 23, Sara amekufa na hana mahali pa kumzika. Efroni anajua mteja wake ana msiba. Anaanza kwa kumwambia achukue shamba bure, kisha anataja shekeli 400. Ibrahimu hakuchukua cha bure. Alipima fedha mbele ya mashahidi langoni mwa mji, na shamba, pango na miti vikatajwa wazi. Hakuna aliyekuja baadaye kusema kulikuwa na maneno ya pembeni.

Basi tupatane vipi? Mambo machache ya kubeba nyumbani.

Kwanza, ijue bei kabla ya kukaa mezani. Uliza majirani zaidi ya mmoja, si broka peke yake. Andikeni, wewe na mwenzako, kiasi ambacho hamtapita, na mkifika hapo muage kwa heshima. Mtu aliye na kikomo hahitaji kudanganya.

Pili, patana kwa mambo ya kweli. Kama hakuna maji, sema hakuna maji. Kama unaipenda, usiseme huitaki. Na wewe unayeuza, usifiche kesi ya familia ama mpaka wenye ugomvi.

Tatu, bei si pesa tu. Unaweza kuomba muda wa kumalizia malipo, ama muuzaji asimamishe bikoni na kulipa mpimaji. Hesabu pia ushuru: mnunuzi hulipa stampu asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, na muuzaji anaweza kutozwa asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Usipoyahesabu mapema, utagombana baadaye.

Nne, haraka isikuondolee karatasi. Fanya sachi kwenye Ardhisasa ama kwa msajili wa ardhi wa kaunti husika. Yeremia 32 inaonyesha nabii akitia sahihi hati, akiita mashahidi na kuihifadhi ndani ya chombo cha udongo. Sheria ya Kenya nayo inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Kama ni mali ya ndoa, lazima mke ama mume aridhie. Usiseme "tunaaminiana, sote tumeokoka."

Tano, ukijua shida ya mwenzako, isiwe silaha yako. Mlipe haraka kama unaweza, lakini umlipe haki.

Mimi na mke wangu tulikopa kwa chama, tukauza kiti kimoja na kingine, na baada ya miezi mitatu tukampelekea mzee 250,000. Nikamwambia ukweli: nilijua una mgonjwa, na nikaitumia hiyo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua kwamba unajua."

Maneno hayo sijayasahau. Hakunitukana. Lakini nilielewa kwamba wakati nikishuhudia kibali, kulikuwa na mzee mmoja Kimuka aliyemjua Yesu kupitia bei yangu.

Mpendwa, kama kuna mtu uliyenunua shida yake, wiki hii mpigie simu. Pengine huna pesa zote za kurudisha; anza na ukweli.

Tuombe: Bwana, tupe ploti, tupe nyumba, lakini usituache tujenge juu ya kilio cha mtu. Kwa jina la Yesu, amina.