Tupime Kilo, Tuache Kuhesabu Pembe

Ndugu mfugaji wa Kanda ya Ziwa, maneno haya ni yako. Ni yako wewe wa Meatu, wa Kishapu, wa Kwimba, wa Bariadi. Ni ya kijana wako pia, yule aliyemaliza kidato cha nne akakimbilia bodaboda mjini kwa kuamini kwamba zizi la baba yake ni kazi ya wazee. Mwite asikie. Zizi lile ni kiwanda ambacho hakuna aliyewahi kukiwasha.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Botswana haina hata sehemu ya kumi ya hao, lakini nyama yake imekuwa ikiliwa Ulaya tangu miaka ya 1970, ikitoka machinjio ya Lobatse. Hawakutumia uchawi. Walijenga uzio wa kutenga maeneo ya magonjwa, wakachanja, wakaweka kumbukumbu za mifugo yao. Ni kazi ya kuchosha, na kazi ya kuchosha sisi tunaiweza. Anayelima pamba kwa jembe la kukokotwa na maksai hawezi kuambiwa ni mvivu.

Tunakosea kwenye umri. Dume wa asili hunawiri masika, na Agosti ikifika mbavu zinaanza kuhesabika. Alichopata kwenye mvua anakirudisha kiangazi. Mwaka wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Wewe unaendelea kulipa dawa ya josho, unamlipa mchungaji, unagombana na jirani juu ya shamba lililoliwa, halafu mwaka wa saba unampeleka mnadani mnyama mwenye nyama ngumu, anayenunuliwa kwa bei ya huruma. Miaka minne ya mwisho umemfuga bure. Najua utaniambia mahari hayalipwi kwa kilo, na boma lenye ng'ombe wengi lina heshima yake. Sina ugomvi na hilo. Majike wa uzazi wabaki, na heshima ibaki nao. Lakini hao madume wanaozeeka zizini, wanasubiri nini?

Sasa tazama kinachopita mbele ya macho yetu. Pamba inavunwa kuanzia katikati ya mwaka, mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yanatoka wakati uleule nyasi zinapokauka. Mungu angetupangia vipi vizuri zaidi? Mashudu ya pamba, pumba za mpunga, molasi kidogo, chumvi na maji ya kutosha: dume wa miaka mitatu akifungiwa kwa miezi mitatu anaweza kuongeza nusu kilo au zaidi kila siku, katika msimu ambao ng'ombe wa jirani wanapungua. Unenepeshaji huu haukuletwa na mgeni. Uko hapa hapa, Mwanza na Shinyanga, na wanaoufanya wanajua faida yake. Ila mashudu mengi yanapakiwa kwenye malori yanavuka mpaka kwenda Kenya, na ng'ombe wetu waliokonda nao wanavuka mpaka uleule. Wanakutana huko. Anayewakutanisha ndiye anayekula faida, na hana kosa lolote. Sisi ndio tuliomwachia nafasi.

Malisho nayo tusiyalilie kama watu wasio na akiba ya maarifa. Wazee wa Usukuma walitenga ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, ardhi ilikuwa imechakaa hadi watu waliiona jangwa linalokuja. Wanakijiji walirudisha ngitili, zaidi ya hekta 300,000 zikapona. Walifanya hivyo kwa kukubaliana na kwa kutozana faini, kila mmoja akimlinda mwenzake. Kijiji chenu kinaweza kuamua jambo hilo kwenye mkutano mmoja.

Na kondoo je? Huyu ndiye tunayemdharau kupita wote, eti nyama yake ina mafuta na harufu. Wenzetu wa Ghuba hawaoni hivyo. Sehemu kubwa ya nyama nyekundu tunayouza huko ni ya mbuzi na kondoo. Kondoo hubeba mimba miezi mitano tu, na mwanawe anaweza kuuzwa kabla ya kutimiza mwaka. Kondoo mwekundu wa Kimaasai anavumilia minyoo kuliko jamii nyingi za kigeni. Kwa mama au kijana asiye na mtaji wa ng'ombe, mlango ni huu. Ukipanga uzazi vizuri, wanyama wanakuwa tayari kabla ya Sikukuu ya Kuchinja, soko linapokuwa na njaa kuliko wakati wowote wa mwaka.

Lakini mnunuzi wa mbali hanunui asichokijua. Juni 2025, hapo Bariadi, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na herini zikaanza kuvishwa. Nimesikia minong'ono kwamba herini ni za kodi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na herini ndiyo daftari. Bila hiyo nyama yako haina wasifu, na hakuna ofisa wa afya wa nchi ya nje atakayeipitisha kwa kukuonea imani. Peleka wanyama wako wachanjwe. Sotoka ya ng'ombe, iliyowahi kumaliza mifugo ya Afrika Mashariki, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 kwa sababu wafugaji walikubali sindano. Sotoka ya mbuzi na kondoo ndiyo inayofuata.

Wewe wa mjini usijifiche. Unapofika buchani uliza mnyama alikuwa na umri gani, na ukipata nyama laini ya ng'ombe aliyenenepeshwa, lipa tofauti yake bila kununa. Mwenye bucha atampelekea mchinjaji habari, na mchinjaji atazifikisha mnadani.

Mnadani nako tukatae kuuza kwa jicho. Dalali ana jicho la miaka 20. Wewe una ada ya shule inayodaiwa Jumatatu. Hiyo si biashara ya watu wawili walio sawa. Ulizeni mizani iko wapi, na kama imeharibika, muulizeni diwani ushuru wa mnada unafanya kazi gani.

Msimu huu, kabla nyasi hazijakauka, tenga madume watano. Jirani naye atenge watano. Mkiwa kaya 12 mna madume 60. Nunueni mashudu pamoja mapema, kabla bei haijapanda, muiteni ofisa mifugo wa kata awapangie mchanganyiko, na mtafute mnunuzi mwezi wa kwanza wa kunenepesha, si siku ya mwisho. Kiwanda cha nyama hakiwezi kumfuata mtu mwenye ng'ombe mmoja porini. Wanyama 60 wa umri mmoja, wenye herini na uzito ulioandikwa, wanajaza malori, na hapo simu itapigwa kutoka upande wao.